Panya wa maabara au panya wa porini: umsikilize nani?

Ukiingia katika chumba cha kufugia panya cha maabara utasikia feni, maranda yakikwaruzwa na chupa za maji zikigongwa na meno. Mazungumzo yao hutayasikia. Sikio la binadamu, hata la kijana mwenye afya, huishia karibu kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na panya wa nyumbani, Mus musculus, huita na kuimba kwa sauti ambazo nyingi zipo kati ya kilohezi 30 na 110. Sauti iliyo juu ya uwezo wa sikio letu huitwa altrasaundi, neno ambalo wengi wetu tumelikuta kliniki ya wajawazito, ambako ni kazi ya mashine. Panya sauti hiyo huitoa kooni mwake, tangu siku zake za kwanza duniani.

Mwaka 1956 Zippelius na Schleidt walitangaza, kwa Kijerumani, kwamba vitoto vya panya vikitolewa kiotani hulia kwa sauti isiyosikika na mtu. Miaka ya 1970 Gillian Sales wa Uingereza akaonyesha kwamba panya wakubwa nao huita wakati wa kupandana. Tangu hapo kazi nyingi mno imefanyika vizimbani na chache sana porini. Pengo hilo ndilo linalomsumbua kila anayetaka kuanza leo, awe mwanafunzi wa shahada ya pili au mtafiti wa kilimo: pesa ni za msimu mmoja, muda ni mfupi, awasikilize panya wa wapi?

Msimamo wangu nautoa mapema. Ukitaka kujua sauti inatengenezwaje, na jeni gani au sehemu gani ya ubongo inahusika, nenda maabara wala usiombe radhi. Ukitaka kujua sauti inamsaidia nini panya katika maisha yake, maabara peke yake haitakujibu, hata ukiwa na vizimba elfu. Halafu ipo njia ya katikati ambayo wengi wanairuka, na kwa mtu anayeanza ndiyo ninayoipendekeza.

Panya unayemjua hadi babu wa babu yake

Ukoo unaoitwa C57BL/6, maarufu kuliko koo zote za maabara, chimbuko lake ni panya wa Abbie Lathrop, mwanamke aliyekuwa akifuga na kuuza panya wa mapambo huko Granby, Massachusetts, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1921 Clarence Cook Little aliuanzisha ukoo wenyewe, na tangu hapo wamezalishwa ndugu kwa ndugu hadi kijeni wanafanana karibu kama pacha na pacha. Faida yake ni kubwa. Ukigusa jeni moja na sauti ikabadilika, unajua umegusa nini. Ndivyo ilivyofanyika kwa jeni ya Foxp2, ambayo kwa binadamu hitilafu yake huvuruga usemi: mwaka 2005 ilionekana kwamba vitoto vya panya ambao jeni hiyo imeharibiwa huita mara chache kuliko kawaida. Ndivyo pia watafiti wa usonji walivyouchunguza ukoo wa BTBR, ukoo mwingine wa maabara wenye tabia zinazofananishwa na usonji, na kueleza, mwaka 2008, kwamba vitoto vyake vina mchanganyiko wa miito usio wa kawaida. Kazi kama hizo porini hazifanyiki.

Zoloto, kiungo cha sauti kilichomo kooni, nalo siri yake imefunguka maabara. Mwaka 2016 kundi la watafiti akiwemo Coen Elemans lilieleza kwamba panya, anapotoa sauti hizi, hatetemeshi nyuzi za sauti kama tufanyavyo sisi tukizungumza. Hupuliza mkondo mwembamba wa hewa ndani ya zoloto, mkondo unagonga ukuta wa ndani, na filimbi inazaliwa. Kuliona hilo kunahitaji kamera ya kasi kubwa, meza imara na zoloto lililotolewa mwilini.

Kuhusu mama na mtoto, kizimba kimetufundisha mengi kuliko ninavyoweza kuyaeleza hapa. Kitoto kilichodondoka nje ya kiota, kikaanza kupoa, hulia. Mama husikia, humfuata, humng'ata taratibu na kumrudisha. Kilio hicho hupanda hadi kilele karibu na mwisho wa wiki ya kwanza na hufifia kinapotimiza wiki mbili hivi, macho yanapofunguka na manyoya yakishaota. Kwa kawaida jike ambaye hajawahi kuzaa hakijali kilio hicho. Mwaka 2015 kundi la Robert Froemke wa Chuo Kikuu cha New York lilionyesha kwamba homoni ya oksitosini, ikifanya kazi katika sehemu ya ubongo inayopokea sauti, hasa upande wa kushoto, humsaidia jike huyo kuanza kuwaokota watoto wasio wake. Kwangu hilo ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi tuliyojifunza kuhusu kusikia kwa mnyama yeyote: sauti ni ileile, sikio ni lilelile, lakini sasa jike anaitika.

Tena maabara imejibu swali la kujifunza. Panya aliyezaliwa kiziwi huimba karibu sawasawa na anayesikia, na kitoto cha ukoo mmoja kikilelewa na mama wa ukoo mwingine hukua na kuimba kama ukoo wake. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba panya hujifunza nyimbo kama ndege, uwe na shaka. Walipochambua nyimbo za madume mwaka 2005, Timothy Holy na Zhongsheng Guo wa St. Louis walikuta silabi, vifungu vinavyorudiwa na tofauti kati ya dume na dume. Neno "wimbo" linastahili. Ila wimbo huo wanazaliwa nao.

Sasa udhaifu. Wa kwanza ni masikio. C57BL/6 wana mabadiliko katika jeni ya Cdh23 yanayowafanya wapoteze usikivu kadiri wanavyozeeka, na sauti za juu ndizo zinazotangulia kupotea. Jaribio la kuwachezea majike nyimbo za madume, kama majike hao wana umri mkubwa, linaweza kuwa jaribio la uziwi. Uliza umri wao kabla ya kuamini jibu.

Udhaifu wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu ni wa mazoea. Kwa miaka mingi jaribio la kawaida lilikuwa dume mmoja, jike mmoja, kasha moja, maikrofoni moja juu. Sauti ikinaswa, ikaandikwa jina la dume. Mwaka 2015 Joshua Neunuebel na wenzake walipotumia maikrofoni kadhaa ili kujua sauti imetoka kinywani mwa nani, walikuta majike nao huita, hasa wanapofukuzwa na dume. Jike alikuwa akisema muda wote huo, na maneno yake yakihesabiwa ya mwenzake.

Na kizimba chenyewe kina mipaka isiyorekebishika. Hakina bundi, hakina mpaka wa eneo wa kulindwa, mume hapotei usiku kwenda kutafuta chakula mita 50 kutoka kiotani. Sauti ambayo kazi yake ni kuvuka giza kumfikia mwenza aliye mbali haina pa kwenda katika sanduku la plastiki lenye urefu wa mkono mmoja.

Maikrofoni 12 msituni

Kuhusu porini nitakaa na panya mmoja tu, kwa sababu ndiye aliyelinganishwa vizuri pande zote mbili. Huyu ni panya wa California, Peromyscus californicus. Ni mkubwa kiasi, gramu 40 hivi, na ana tabia adimu kwa wanyama wanyonyeshao: dume na jike hukaa pamoja, dume hulea watoto, na vipimo vya DNA vilivyofanywa na David Ribble miaka ya mwanzo ya 1990 vilithibitisha kwamba watoto wa kiota ni wa mume wa kiota. Panya wa namna hiyo ana sababu ya kuzungumza na mwenzake kila usiku.

Matina Kalcounis-Rueppell, akiwa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Greensboro, aliwasikiliza katika hifadhi ya utafiti ya Hastings, kwenye vilima vya Carmel Valley, California. Mwaka 2006 yeye na wenzake waliripoti kunasa sauti za panya huyu, na za binamu yake Peromyscus boylii, porini. Mwaka 2010 wakafanya jambo lililokuwa halijafanyika: kuziweka sauti za spishi moja, za maabara na za porini, bega kwa bega. Wa maabara walitoka katika kituo cha kuhifadhi na kuzalisha koo za Peromyscus huko South Carolina. Kwa wa porini walitandaza maikrofoni 12 ardhini na kuwavalisha panya wote waliokaa eneo hilo vitambulisho vya redio. Sauti hufika kwanza kwenye maikrofoni iliyo karibu, kisha nyingine. Tofauti hiyo ndogo ya muda huonyesha ilipotoka. Redio huonyesha nani alikuwa pale. Ukiziunganisha, unapata jina la msemaji gizani bila kumgusa.

Majibu yalikuja mawili, na mtu asichukue moja akaacha jingine. La kwanza: aina za miito ni zilezile. Panya wa kizimbani hakuzua lugha mpya kwa upweke au hofu. Alichokuwa akisema maabara ndicho kinachosemwa msituni. Hilo ni jambo kubwa kwa wote wanaotumia sauti za panya katika utafiti wa dawa na magonjwa, maana lingeweza kutoka kinyume. La pili: sauti za porini zilikuwa juu zaidi kwa kilohezi 2 hadi 8, na zilitofautiana zaidi kati yake. Fikiria mwito mrefu wa panya huyu, ambao upo karibu na kilohezi 20. Kuongeza 4 hapo ni kupandisha sauti kwa sehemu ya tano nzima. Kwa mwimbaji wa taarabu hiyo ni tofauti ambayo kila aliyekaa ukumbini angeisikia.

Kwa nini ipo tofauti? Hapa nasihi tahadhari. Ukoo wa South Carolina ulianzishwa kwa panya walionaswa milima ya Santa Monica, kusini mwa California, na Hastings ipo mbali kaskazini. Kwa hiyo panya hawa walitofautiana kwa kizimba, na pia kwa asili. Asiyeliona hilo ataeleza tofauti yote kwa maisha ya kufungwa. Ulinganisho safi zaidi ungewachukua panya wa bonde moja, nusu wakabaki kwao, nusu wakazalia kizimbani.

Faida ya porini haikuishia kwenye vipimo vya masafa, yaani sauti ipo juu kiasi gani. Kundi hilohilo, likitumia pia kamera za joto, lilionyesha mwaka 2011 kwamba madume na majike wa panya wa California huita kwa miito inayofanana na katika mazingira yanayofanana. Maabara za panya wa nyumbani zilikuwa zimezoea habari ya dume anayembembeleza jike. Huku unakuta watu wawili wa nyumba moja wakiitana. Baadaye wakishirikiana na Catherine Marler wa Wisconsin waliwapa madume testosteroni, homoni ya kiume, wakiwa kwao porini, na uwiano wa aina za miito kiotani ukabadilika. Unaona? Hata jaribio la homoni linawezekana nje, mradi mtu ana subira.

Gharama ya subira hiyo ni kubwa, na nisingependa mtu aende bila kujua. Sauti ya juu hunywewa na hewa haraka. Mwito wa kilohezi 70 hupotea ndani ya mita chache, kwa hiyo lazima kwanza ujue panya anakaa wapi. Nyenje na jamii za senene hupiga kelele katika masafa yaleyale. Popo hupita juu wakijaza kurasa zako za spektrogramu, yaani picha za sauti. Upepo kwenye majani makavu nao hufika huko juu. Usiku mzima unaweza kukupa miito michache ya kuhesabika, ilhali dume wa maabara ukimpa pamba yenye mkojo wa jike anaweza kukupa mamia kwa dakika chache. Kola ya redio isizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama: kwa panya wa California ni gramu 2, kwa panya wa nyumbani wa gramu 18 haifiki hata gramu moja, na kwa uzito huo betri haiishi muda mrefu.

Njia ya katikati

Vienna, katika taasisi iliyopewa jina la Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, kundi la Dustin Penn halikuchagua upande. Lilichukua panya wa nyumbani wa mwituni na uzao wao wa karibu, likawasikiliza kizimbani. Mwaka 2010 walieleza kwamba majike hao huzisogelea nyimbo za madume zinapochezwa kwenye spika, na zaidi ya hapo, hutofautisha wimbo wa kaka yao na wimbo wa mgeni, na humpenda mgeni. Katika ukoo ambao wote ni kama pacha, jaribio hilo halina hata pa kuanzia: ndugu na mgeni wangekuwa kitu kimoja. Huko Plön, Ujerumani, watafiti wa taasisi ya Max Planck waliwaweka panya wa nyumbani wenye asili ya Ujerumani na Ufaransa katika mazingira ya nusu pori, na kukuta jamii hizo mbili zinatofautiana katika uitaji wao.

Ndiyo maana nikiulizwa na mtu mwenye msimu mmoja na bajeti ndogo, humwambia akamate panya wachache wa eneo lake, awape zizi pana lenye udongo, mashimo na mahali pa kujificha, na awasikilize humo. Utajua nani ni nani. Utawaona kwa taa nyekundu, ambayo wao hawaioni vizuri. Tofauti za asili kati ya mmoja na mwingine hutazipoteza. Utakachokikosa ni umbali, adui na jirani, na hilo uliandike wazi kwenye ripoti.

Kwa Afrika Mashariki njia hii ina mlango uliokwisha kufunguliwa. Panya shamba, Mastomys natalensis, anayefukua mbegu za mahindi zilizotoka kupandwa, amekamatwa, kuwekwa alama na kuachiwa Morogoro tangu miaka ya 1990 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Antwerp. Mitego ni masanduku ya bati, chambo ni siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi. Pale ambapo inajulikana nani anaishi wapi na kwa muda gani, nusu ya kazi ya Hastings imeshafanyika. Kilichobaki ni masikio. Ila usianze bila vibali vya mamlaka za sayansi na za wanyamapori, COSTECH na TAWIRI kwa Tanzania, NACOSTI na mamlaka ya utafiti wa wanyamapori kwa Kenya, na usimshike panya wa mwituni bila glavu na barakoa. Leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, si hadithi, na wazee wa Lushoto wanaikumbuka tauni.

Vifaa, kwa ufupi

Simu haitoshi. Hunasa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na kwa kuwa kasi ya sampuli lazima iwe angalau mara mbili ya sauti unayoitaka, mwisho wake ni kilohezi 24. Kwa panya wa nyumbani unahitaji 250,000, inayokufikisha kilohezi 125. Kinasa kidogo cha AudioMoth, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa porini, hufika 384,000 na ni nafuu kuliko mitambo ya maabara. Kwa njia ya katikati kinafaa kabisa. Ukitaka kutambua msemaji kwa umbali, hapo utahitaji maikrofoni nyingi ambazo saa zake hazipishani, na bei inapanda.

Programu ya kutambua miito, kama DeepSqueak iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington, ilifunzwa kwa sauti za panya wa maabara. Ndani ya kizimba itakuokolea wiki nzima. Nje itaweza kukuletea wadudu ikidhani ni panya, kwa hiyo pitia mwenyewe kwa macho sehemu ya rekodi kila siku. Chezesha pia baadhi polepole mara kumi: mwito wa kilohezi 70 unashuka hadi 7, na kwa mara ya kwanza unamsikia panya anavyopanda na kushuka, anaruka noti, anarudia.

Upande wowote utakaouchagua, usiku wa kwanza weka kinasa mahali pako pa kazi pasipo na panya hata mmoja, kiache hadi alfajiri. Maabara utakuta taa, feni na skrini za kompyuta zikilia juu huko. Shambani utakuta senene. Hizo zitoe kwanza kwenye hesabu, ndipo ufungue mtego.